Mpira wa Muheza, Tepu ya Avon

Muheza

Fundi baiskeli wa kando ya stendi ya Muheza, mkoani Tanga, hafungi mzigo kwa kamba. Ukimpelekea tenga la machungwa, anainama chini ya benchi lake, anachomoa tyubu kuukuu iliyozibwa pancha mpaka imejaa viraka, anaikata pale penye valvu, anailaza juu ya goti, kisha anaichana kwa kiwembe. Hapimi kwa rula. Kidole gumba kinatangulia mbele ya kiwembe, na mpira unaachana taratibu, mkanda wa upana wa vidole viwili, mrefu kumpita yeye mwenyewe. Akishaupata, anaibana ncha yake chini ya mzunguko wa kwanza, anauvuta mpaka unakonda na weusi wake unageuka kijivu, anazungusha, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule uliotangulia. Mwisho anachomeka ncha ya pili chini ya mzunguko wa mwisho na kuiachia. Hakuna fundo. Mpira unataka kurudia udogo wake, na kutaka huko ndiko kunakoyashikilia machungwa mpaka gulioni.

Haya nimeyaona tangu utotoni na sikuwahi kuyaandika, kwa kuwa kitu kilichopo kila mahali hakimshtui mtu. Mlango wa banda la mbuzi nyumbani kwetu ulijifunga wenyewe kwa mpira, na bawaba zake zilikuwa vipande vya tairi vilivyopigiliwa misumari. Bomba la maji lililovuja lilivikwa mpira. Mpini wa panga ulivikwa mpira. Mfuniko wa ndoo ya maziwa ulibanwa kwa mpira, na manati yaliyotufanya tuchapwe yalikuwa mipira miwili na kipande cha ngozi. Ilibidi nifike mbali, nikawaone watu wengine wakifanya kazi hizohizo kwa kitu kingine kabisa, ndipo daftari langu la safari likaanza kujaa.

Kitu hicho ni tepu. Sisemi ile nyembamba inayong'aa ya ofisini, ingawa sisi huita zote solotepu. Nasema ile nene ya rangi ya fedha, yenye kitambaa ndani, inayokatika kwa mkono bila mkasi.

Akron

Juni 2018 nilikwenda Ohio kumtembelea binamu yangu aliyeolewa na Mkongomani, mzaliwa wa Goma. Gari lililokuja kunipokea uwanja wa ndege wa Cleveland lilikuwa limebandikwa tepu bampa nzima ya mbele, mikanda mitano iliyopangwa sambamba kama mistari ya daftari. Shemeji yangu aliniona ninavyoitazama. Akaniambia barafu ya Januari ndiyo iliyolitelezesha gari mpaka kwenye nguzo, na kwamba fundi alimtajia bei inayokaribia thamani ya gari lenyewe.

"Dada, kule kwetu tulikuwa tunafungaka na kauchu," akasema, huku akiigonga bampa kwa kifundo cha kidole. "Huku nabandika."

Kauchu ni mpira, neno walilolipata kwa Wabelgiji, na Kongo neno hilo lina uzito wake. Enzi za Leopold wa Pili watu walikatwa mikono kwa sababu ya mpira wa porini. Yeye alilitumia kwa maana ya siku hizi tu, ile mikanda ya tyubu na tairi iliyomfaa ujanani alipokuwa akisukuma chukudu, lile toroli la mbao la magurudumu mawili linalobeba viazi na mkaa kuteremkia Goma. Magurudumu ya chukudu ni ya mbao, nayo huvikwa mpira wa tairi kuukuu ili yasiliwe na mawe ya volkeno. Kenya mikanda hiyohiyo ya tyubu huitwa blada, na wasichana wa shule huiunganisha ikawa kamba ya kurukia, mchezo nao ukaitwa blada. Usiku ule niliandika mstari wangu wa kwanza: mpira, blada, kauchu, kitu kimoja, majina matatu.

Tepu ya nyumba ile ilikaa katika droo ya jikoni, pamoja na visu. Katika siku kumi nilizokaa pale niliandika kila ilipotoka. Ilitoka kuzuia ncha ya zulia iliyokuwa ikimkwaza bibi aliyeishi nao. Ilitoka kubana mfuniko wa betri wa rimoti, kazi ambayo nadhani hakuna nyumba duniani isiyoijua. Ilitoka kwa namna ambayo sikuitegemea: binamu yangu aliizungusha kiganjani, upande wa gundi ukiwa nje, akalipapasa kochi lote, na manyoya ya paka yakanasa mkononi mwake mpaka mkono ukawa kama wa paka mwenyewe. Watoto walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikaomba nijaribu.

Ilitoka pia kama dawa. Kijana wao wa kati alikuwa na chunjua kwenye kidole, na mama yake alikuwa akilifunika kwa kipande cha tepu, siku sita, kisha analoweka kidole, analisugua na kulifunika tena. Nilidhani ni mambo ya majirani. Kumbe mwaka 2002 madaktari wa hospitali moja ya jeshi la Marekani walichapisha utafiti uliosema tepu iliondoa chunjua kwa asilimia 85 ya waliotibiwa nayo, na kugandisha kwa baridi kali kuliondoa kwa asilimia 60. Miaka minne baadaye Waholanzi walirudia jaribio kwa watoto wa shule na hawakuona nafuu ya maana. Binamu yangu alizijua habari zote mbili. Alisema tepu haiumizi, na mtoto anayeogopa hospitali atakubali kubandikwa.

Mzee wa nyumba ya jirani, Mmarekani wa miaka themanini na ushee, alikuwa ameizungushia fimbo yake ya kutembelea tepu ya kutosha mita kadhaa. Haikuwa ya kuimarisha fimbo. Ilikuwa akiba. Akihitaji kipande anabandua kutoka kwenye fimbo, popote alipo. Nilimwona akifanya hivyo barabarani, mkoba wa mama mmoja ulipokatika mkanda. Alikata kwa meno, akabandika, akampungia mkono, akaendelea na safari yake.

Avon

Kutoka Akron hadi Avon ni mwendo wa kama saa moja kwa gari, mji mdogo magharibi ya Cleveland. Hapo ndipo yalipo makao ya kampuni inayotengeneza tepu ya Duck, na tangu mwaka 2004 mji huo ulikuwa ukifanya tamasha la tepu kila Juni, wikiendi ya Siku ya Akina Baba. Shemeji alitupeleka sote.

Naomba msomaji anisadiki, maana nimehudhuria harusi za pwani na maulidi ya Lamu, na sikuwa nimeona watu wazima wakikiheshimu kitu cha dukani namna ile. Magari ya maandamano yalikuwa yamevikwa tepu za kila rangi. Kulikuwa na maonyesho ya mavazi: magauni, kofia, viatu, mikoba, vyote tepu. Binti mmoja alikuwa anauza mawaridi. Petali moja ni kipande cha mraba kilichokunjwa pembe mbili, kikazungushiwa kijiti, kisha kingine, kisha kingine, mpaka ua likafumbuka. Nililichunguza lile ua kwa karibu. Aliacha ukingo mwembamba wa gundi chini ya kila petali, usiozidi upana wa punje ya mchele, na ukingo huo ndio ulioishika petali iliyofuata. Mkono wake ulikuwa na uhakika uleule wa fundi wangu wa Muheza na kiwembe chake.

Kampuni hiyo imekuwa ikiwashindanisha wanafunzi wa sekondari tangu mwaka 2001: atakayeshona, au niseme atakayebandika, vazi zuri kuliko yote la kwenda nalo kwenye dansi ya kumaliza shule, hupata fedha za masomo. Nguo nzima inaweza kula rola nyingi na wiki nyingi za kazi. Niliuliza swali ambalo mtu wa Tanga lazima aulize, kama mvaaji hapati joto. Mama aliyesimama karibu nami alijibu kwamba binti yake alishonewa bitana ya pamba ndani, la sivyo asingeweza kucheza.

Hapo ndipo niliposikia habari ya ndege. Mwaka 2009 huko Alaska dubu aliiparura ndege ndogo iliyokuwa imeegeshwa porini, akakichana kitambaa cha ubavu wake. Rubani aliletewa matairi mapya, nailoni na shehena ya tepu, akaifunika ndege yake kuanzia ubavuni hadi mkiani, akairusha mpaka nyumbani. Nimeiona picha yake. Inafanana kabisa na sanduku la msafiri anayetoka Dubai, na ninasema hivyo kwa upendo, kwa sababu mara nyingi nimesimama Uwanja wa Julius Nyerere nikisubiri mizigo, nikayaona maboksi yale yaliyozungushiwa tepu mpaka hayana pembe, jina la mwenyewe na namba ya simu vimeandikwa kwa kalamu nene juu ya tepu hiyohiyo. Tepu huko haifungi tu. Ni karatasi ya anwani.

Mama aliyeanzisha

Nilipoondoka Avon nilitaka kujua nani aliyekibuni kitu hiki, nikakuta chanzo chake ni mama mmoja wa Illinois, Vesta Stoudt. Mwaka 1943 alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha silaha cha Green River, karibu na Dixon, kazi ya kukagua na kufunga maboksi ya risasi maalumu za kurushia mabomu. Maboksi yalifungwa kwa utepe wa karatasi, yakachovywa nta yasipenye maji, na ncha ya utepe ikaachwa nje ili askari aivute. Mama huyu aliona kwamba karatasi ile ni dhaifu: askari akiivuta, ncha inakatika, na boksi linabaki limefungwa huku adui akipiga. Alikuwa na wana wawili katika jeshi la wanamaji. Akapendekeza utepe wa kitambaa usiopitisha maji. Wakubwa wake wa kazi hawakulifikisha jambo mbele.

Tarehe 10 Februari 1943 akamwandikia Rais Roosevelt mwenyewe, akachora na michoro. Barua ikapelekwa kwenye bodi ya uzalishaji wa vita, na katika majuma machache akajibiwa kwamba wazo lake limekubaliwa. Johnson & Johnson, waliokuwa na uzoefu wa plasta za hospitali, wakapewa kazi. Tepu ya kwanza ilikuwa ya kijani cha jeshi. Askari wakaanza kuitumia kufungua maboksi kama ilivyokusudiwa, kisha wakaanza kuzibia magari na kufungia buti, na haikurudi tena kwenye kazi yake moja.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na kila mara huyatazama mambo mawili. Kwanza, kilichomsumbua mama yule hakikuwa kufunga. Kilikuwa kufungua. Alitaka kitu kinachoshika imara lakini mtu mwenye hofu, mikono ikitetemeka, akivute mara moja kiachie. Pili, alikuwa mtu wa benchini, anayelishika boksi kila siku. 

Kitambaa walichotumia kilikuwa cha pamba, cha aina ile nzito ya maturubai, ambayo jina lake la Kiingereza, duck, limetokana na neno la Kiholanzi lenye maana ya kitambaa, doek. Linasikika kama jina la bata, na kampuni ya Avon ina bata kwenye nembo yake. Sisi watu wa pwani tunapaswa kulielewa hilo upesi, maana kwetu jina la nchi nzima lilikuwa jina la nguo: merikani, kitambaa cha pamba kilichoshushwa Unguja na meli za Salem, Massachusetts, katika karne ya 19, mpaka kikawa kama fedha kwenye njia za misafara.

Vita vilipokwisha, tepu ikaingia kwenye ujenzi wa nyumba, ikageuzwa rangi ya fedha ifanane na mabomba ya bati ya kupitishia hewa, ikapata na jina la mabomba hayo. Na hapa pana jambo la kushangaza kuliko yote. Mwaka 1998 watafiti wa Maabara ya Lawrence Berkeley, California, walizijaribu njia mbalimbali za kuziba mabomba ya hewa kwa joto na baridi, na tepu ile ndiyo iliyoshindwa vibaya kupita zote. Joto hulifanya gundi lake kukauka na kuachia. Kwa hiyo inaziba kila kitu duniani isipokuwa kile kilichoipa jina.

Imeziba hata nje ya dunia. Aprili 1970 wanaanga watatu wa Apollo 13 walikuwa hatarini kufa kwa hewa chafu, kwa sababu vichujio vyao vya akiba vilikuwa vya mraba na matundu ya chombo walichokimbilia yalikuwa ya duara. Waliunganisha kwa mifuko ya nailoni, majalada ya vitabu vya maelekezo, mabomba ya mavazi yao na tepu. Walirudi nyumbani wazima. Desemba 1972, katika Apollo 17, Gene Cernan alilivunja madigadi la gurudumu la nyuma la gari lao la mwezini kwa nyundo iliyokwama kwenye vazi lake. Alilibandika kwa tepu. Halikudumu, kwa kuwa vumbi la mwezini lilikuwa limetanda kila mahali na gundi halishiki vumbi. Kesho yake walibandika pamoja ramani nne za karatasi ngumu, tepu ikashika ramani kwa ramani mahali pasafi, ndani ya chombo, kisha wakakibana kile kipande kwenye gari kwa vibanio. Kikafanya kazi. Madigadi lile la ramani limehifadhiwa Washington, katika jumba la makumbusho ya anga.

Nililipigia mstari jambo hilo daftarini: penye vumbi, tepu inabandikwa nyumbani, na huko nje kinachofaa ni kubana.

Marangu

Februari 2025 niliwasindikiza wageni Kilimanjaro, njia ya Marangu, mpaka kambi ya Horombo, mita 3,720. Hapo nilipata nilichokuwa nikikitafuta miaka yote, tepu na mpira katika njia moja, siku moja, kwenye kiatu kimoja.

Mwongozaji wetu alikuwa ameizungushia tepu chupa yake ya maji, kama yule mzee wa Akron na fimbo yake. Wageni wengi wanaopanda mlima huja na tepu, na baadhi yao huiacha kwa wenyeji wakiondoka. Asubuhi ya kwanza, kabla hatujafika kambi ya Mandara, ilishatumika kwenye visigino vya mgeni mmoja, kipande chembamba kilichobandikwa kwenye ngozi kabla lengelenge halijavimba. Kazi hiyo tepu inaiweza kuliko kitu chochote ninachokijua. Soksi inateleza juu yake badala ya kuichuna ngozi.

Kwenye msitu juu ya Mandara, mvua ikinyunya, buti la mgumu mmoja lilifunua mdomo. Wagumu ndivyo wapagazi wa mlima ule wanavyojiita, na mtu aliyebeba kilo ishirini kichwani hana nafasi ya kupoteza soli. Mwongozaji akabandua tepu akazungusha buti mara tatu. Ikashika kwa hatua chache tu. Ngozi ya kiatu ilikuwa imelowa, na kilichokuwa chini ya soli kilikuwa kinang'aa na laini, juu ya mawe yaliyolowa.

"Kaka, hii ya fedha inaniangusha," yule mgumu akasema. Akakaa juu ya mzizi, akaichuna tepu yote, akatoa mfukoni mkanda wa tyubu, akafanya vilevile kama fundi wangu: ncha chini ya mzunguko wa kwanza, kuvuta, kulalisha, kuchomeka. Dakika mbili. Mpira haukujali maji. Na juu ya jiwe, mpira ukalishika jiwe. Alikwenda na buti lile mpaka Horombo, na niliporudi kumwona jioni, alikuwa ameshaufungua ule mkanda na kuufungia sufuria.

Kiswahili kimeyaweka mambo haya mawili wazi muda mrefu. Funga ina fungua yake, bandika ina bandua yake. Lakini ukikifungua kitu, unabaki na kitu na ulichokifungia, vyote vizima. Ukibandua, unabaki na kitu chenye uchafu wa gundi na tepu isiyofaa tena. Hata baharini babu zetu walichagua kufunga: mitepe ya Lamu ilikuwa majahazi ya mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari wa chuma, na mshono ukichoka ulifumuliwa ukashonwa upya. Mimi nina upande katika hili, nami sioni haja ya kuuficha. Kwenye barabara ya vumbi, kwenye mvua, kwenye mzigo utakaoteremshwa jioni, nampa ushindi mtu wa mpira.

Lakini sikumaliza hapo, kwa sababu usiku ule Horombo nilikumbuka kwamba gundi la tepu lenyewe ni mpira. Tepu ile ina matabaka matatu: plastiki juu, kitambaa katikati, na chini gundi ambalo msingi wake ni mpira, na katika nyingi ni mpira wa mti. Mimi natoka Muheza. Wajerumani walipanda miti ya mpira katika wilaya ile kabla ya mwaka 1914, na Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, Waingereza wakarudi kuigema miti ya zamani ya Tanganyika kwa sababu majeshi yao yalikosa mpira. Shamba la Kihuhwi nimelitembea nikiwa mwanafunzi. Niliuona utomvu ukidondoka kwenye vikombe, mweupe kama tui la nazi, nikauweka kati ya vidole viwili, nikavifungua, na uzi ukavutika kati yake. Kitu kilekile kikipikwa na salfa kinaweza kuwa tyubu inayovutika na kurudi. Kikiachwa kibichi na kuchanganywa na utomvu mwingine, kinakuwa gundi linalong'ang'ania. Huenda mgumu na mwongozaji walikuwa wakishindana kwa watoto wa mti mmoja.

Tulipoteremka kati ya migomba ya Marangu, nilimsimulia mwongozaji habari ya ndizi. Mwaka 2019, Miami, msanii Mwitaliano Maurizio Cattelan alibandika ndizi ukutani kwa mkanda mmoja wa tepu ya fedha, ikauzwa dola 120,000. Novemba 2024, New York, nakala nyingine ya kazi hiyo iliuzwa kwenye mnada kwa dola milioni 6.2, na mnunuzi akaila ndizi mbele ya waandishi wa habari huko Hong Kong. Anachomiliki ni hati na maelekezo. Ndizi hubadilishwa ikioza.

Mwongozaji alisimama. "Ni ndizi gani? Mshare?"

Nikamwambia ilikuwa ndizi ya kawaida ya kuiva, ya kununuliwa gengeni.

Alifikiri hatua kadhaa. Kisha akasema alijaribu kubandika mkungu kwenye boriti mwaka mmoja, kwa tepu aliyoachiwa na mgeni, ili panya wasiufikie, na usiku ukaanguka wote. Ndizi inatoa jasho ikiiva, akasema. Ndizi moja, labda. Mkungu, funga.

Muheza tena

Niliporudi nyumbani nilimpelekea fundi rola zima la tepu kutoka Avon, nililolihifadhi kwenye kabati karibu miaka saba.

"Shikamoo mzee. Nimekuletea zawadi ya Marekani."

"Marahaba mwanangu." Alilipima uzito mkononi. Akavuta kipande, akakibandika kwenye mkono wake, akakibandua, akayatazama manyoya yaliyong'oka. Akabandika kingine kwenye fremu ya baiskeli iliyokuwa na vumbi, kikadondoka. Akapangusa fremu kwa kitambaa chenye petroli, akabandika tena, kikashika. Akauliza bei. Nilipomtajia kwa shilingi, akahesabu kimoyomoyo akaniambia bei hiyo ni mipira arobaini. Akalitundika kwenye msumari pamoja na tyubu zake, nami nikaondoka nikiamini litabaki pale kama pambo.

Nilipita tena Mei. Lilikuwa limebaki robo. Nilizungusha macho kwenye baiskeli zote zilizokuwa pale: keria zilifungwa mpira, breki zilifungwa mpira, pampu yenyewe ilivikwa mpira. Hakuna hata kipande cha fedha. Nikamuuliza.

Akamwita mjukuu wake aliyekuwa akifanya kazi za shule nyuma ya kibanda. Mtoto akaja na mfuko, akatoa madaftari yake yote, akayapanga juu ya benchi, migongo ikinitazama. Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Sayansi, na kaunta buku moja kubwa la zamani la dada yake. Kila mgongo ulikuwa umevikwa mkanda wa fedha, umenyooka, pembe zimekunjwa ndani, na juu ya fedha ameandika jina lake kwa kalamu nene.